Pale Mfongo Ulipokuwa Ukivuja

"Haya maji mnayosema yanapotea, yanapotelea wapi?"

Aliyeuliza alikuwa Bibi Yustina, mjane wa miaka sabini na kitu, amekaa nyuma kabisa juu ya ndoo aliyoipindua. Aliyeulizwa ni mimi. Nilikuwa na digrii ya maendeleo ya jamii, kalamu nne za rangi, na karatasi kubwa niliyoibandika kwenye ukuta wa banda la ng'ombe. Nikasema, "Ardhini, bibi." Watu wakacheka. Na yeye akacheka kidogo, akaishusha khanga yake magotini, tukaendelea na ajenda.

Nawaandikia ninyi mnaonipigia simu mkitaka ushauri, mliomaliza chuo juzi na mmesikia kwamba ofisi ya maendeleo ya kanisa inatafuta wawezeshaji. Niliifanya kazi hiyo miaka sita, halafu nikastaafu nikiwa na miaka thelathini na mbili. Wenzangu wanalicheka hilo neno. Wanasema mtu wa umri huo hastaafu, anakimbia. Sibishani nao. Siku hizi nauza vyakula vya mifugo hapa Soweto, Moshi mjini, na mtu akinidanganya namjua papo hapo, kwa sababu pumba iliyochanganywa na mchanga ukiitia kiganjani inajisema. Kwenye kazi ile hakukuwa na cha kutia kiganjani.

Niwaambie kilichonivuta. Fedha zetu zilitoka kwenye mfuko wa Wakatoliki wa ng'ambo, watu wa kawaida wanaotoa sadaka wakati wa Kwaresima. Sharti lao lilikuwa moja kubwa: maskini wenyewe wachague, maskini wenyewe waongoze, sisi tukae pembeni. Mnanijua nilivyo. Chuoni nilimbishia mhadhiri, nyumbani nilimbishia paroko, na baba yangu nilimbishia hata juu ya mpaka wa shamba lake mwenyewe. Jumuiya, zile sala za nyumba kwa nyumba, sijakanyaga tangu kidato cha nne. Lakini sharti lile sikulibishia hata siku moja. Nililala nalo kama mtu aliyepata mchumba mwenye akili.

Aliyenifundisha kazi ni Sista Klementina, mkuu wa ofisi, mtawa mfupi aliyevaa raba za michezo chini ya vazi lake. Mengi aliyonifundisha bado ni ya kweli, chukueni. Ukifika kijijini usikae kwenye kiti walichokuwekea. Kaa kwenye benchi pamoja nao, hata kama limelowa. Begi lenye nembo liache ndani ya gari. Ukiletewa mtori wa ndizi, kunywa mpaka chini. Ukiletewa pombe ya mbege, onja tu, kwa sababu ukimaliza wanaongeza, na ripoti utaiandika kesho kutwa.

"Na ukiuliza swali," aliniambia siku ya kwanza, "funga mdomo uhesabu mpaka thelathini. Wa kwanza kujibu ni mwenyekiti. Wa pili ni anayeutaka uenyekiti. Ukivumilia, wa tatu atakuambia ukweli."

"Na kama wa tatu hayupo, Sista?"

"Basi rudi ofisini, umekutana na kamati, hujakutana na watu."

Hakunifundisha la kufanya pale ninapoulizwa mimi. Siku ya Bibi Yustina sikuhesabu hata mpaka mbili.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshajifunza vibaya Tarakea, kule mpakani, na somo lile lilinipa kiburi. Akina mama wauza maharage walituletea andiko la kuomba mradi wa kufuga kuku wa mayai. Nikapanda kwenda kuwaona. Sikukuta banda hata moja. Mvua ilikuwa inanyesha, magunia yao ya maharage wameyafunika kwa masweta yao wenyewe, wao wamelowa.

"Mama Deo, kwa nini mliandika kuku?" nilimuuliza kiongozi wao.

"Kuku wanapita."

"Wanapita wapi?"

"Kwenu. Wenzetu wa kule chini waliandika kuku, wakapita. Tukasema na sisi tupite humo humo."

"Na wenyewe mnataka nini?"

Akaniangalia, akaangalia magunia. "Wewe unaonaje, dada, na shule yote hiyo?"

Tulilibadilisha andiko, wakapata kibanda cha bati. Nilirudi Moshi nikijiona bingwa. Nilidhani kazi yote ni hiyo: watu wakiandika kisicho cha kweli, nenda ukatazame kwa macho, utauona ukweli umekaa pale unalowa mvua.

Sasa mfongo. Kwa waliokulia mjini: mfongo ni mfereji uliochimbwa na mababu kwa majembe. Unachukua maji kwenye korongo huko juu karibu na msitu, unazunguka vilima taratibu, unashuka mpaka kwenye vihamba, yale mashamba ya migomba na kahawa yaliyozunguka nyumba zetu. Kila nyumba ina zamu yake ya kufungulia maji. Zamu inafuata wanaume. Baba akifa inakwenda kwa mtoto wa kiume, na asipokuwepo mtoto wa kiume, inakwenda kwa ndugu wa marehemu. Bibi Yustina alizaa mabinti wawili. Mumewe alipokufa, zamu ilikwenda kwa shemeji yake, na hakuna aliyeona ajabu.

Kijiji chenyewe kiko juu ya Mwika, na kule Walutheri ni wengi kuliko sisi. Mfongo ulipita kwa wote. Mtunzaji wake, ambaye watu walimwita meku kwa heshima, ni Mzee Aminieli, Mlutheri wa kuzaliwa, mrefu, mwenye buti za mpira za mguu mmoja mweusi na mmoja kijani. Alikuwa anajua kwa sauti tu kama maji yamepungua. Unaongea naye, anainua kidole, anasema, "Subiri," anaondoka, anarudi baada ya robo saa na tawi lililokuwa limeziba huko juu.

Mtaalamu wetu alipima maji kule yanakoingia na kule yanakoishia, akasema mengi yanapotea njiani. Kikundi cha wenye mfongo kikaandika andiko: kusakafia mfongo kwa mawe na saruji. Safari hii hakukuwa na kuku. Watu waliutaka mradi kweli, hasa wa vihamba vya chini, ambako maji yalikuwa yanafika membamba kama kamba ya kiatu. Nikaenda kutazama kwa macho, nikauona mfongo unavuja, nikaona jambo limekamilika. Kilichobaki ni mkutano wa watu wote kukubali, na saini.

Hapa ndipo nilipojiona mjanja. Ukiitisha mkutano kupitia ofisi ya kijiji, wanakuja wanaosubiri posho. Mimi niliuitisha kupitia jumuiya, zile nyumba kumi na kitu za Wakatoliki zinazosali pamoja kila wiki, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Jumamosi asubuhi, sala ikiisha, mkutano unaanza palepale, watu wote wapo. Walutheri wenye zamu tuliwaalika waje baada ya sala. Fomu zangu za saini zilikuwa nyuma ya gari na mvua ya Mwika ilikuwa imezigeuza uji. Nikamgeukia katekista, Baba Honorati, aliyekuwa ameshika daftari kubwa la jalada gumu, amelifunga kwenye nailoni kama mtu aliyebeba mkate.

"Baba, naomba hilo daftari tuandikie."

"Hili?" Akalikumbatia. "Hili ni la jumuiya, dada."

"Ukurasa mmoja tu. Karatasi ni karatasi."

Akaniangalia, akaangalia nembo kwenye mlango wa gari, akanipa. Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika juu kwa herufi kubwa: WANAOKUBALI MRADI WA MFONGO.

Mama mmoja akanyanyuka akatoka mbio. Baada ya nusu saa akarudi na mwanamume anayetetemeka kwa malaria, amejifunika blanketi, na nyuma yao msichana aliyejifungua wiki ile ile, anatembea kwa kuchagua pa kukanyaga. Nikawaambia wangeweza kubaki nyumbani. "Hapana, hapana," akasema yule mgonjwa, "nipe kalamu." Niliguswa. Naapa niliguswa. Niliona, hawa ni watu walioshika maendeleo yao mikononi.

Mzee Aminieli alipoletewa daftari aliinua mikono yote miwili kama amenyooshewa bunduki.

"Mimi Mlutheri nikisaini humo, kesho si mtaniletea rozari?"

Watu walicheka mpaka ng'ombe akageuka.

"Msicheke. Humo niacheni nje." Kisha akasimama, akavua kofia. "Na mimi naona tungoje. Kipite kiangazi kimoja tutazame haya maji yanakwenda wapi. Tukishaona, ndipo tuzibe."

"Meku," mwenyekiti wa kikundi akamjibu, "saruji haingoji. Mfuko ukifungwa, umefungwa."

Maneno hayo ya mfuko kufungwa alikuwa ameyatoa kwangu. Ndipo Bibi Yustina alipouliza swali lake, nami nikajibu ardhini. Daftari likamfikia. Aliandika jina lake herufi moja moja, ulimi umeshikwa kwa meno, YUSTINA, akapuliza wino ukauke.

Kwenye ripoti niliandika: "Upinzani mdogo wa kimila kutoka kwa mzee mmoja asiye mwanakikundi." Naikumbuka sentensi hiyo kwa sababu niliipenda. Sista Klementina aliisoma mbele yangu.

"Wote wamesaini?"

"Wanakikundi wote, Sista. Hakuna hata mmoja aliyekataa."

"Hakuna hata mmoja?" Alivua miwani akaniangalia. Simu ikaita, akaipokea, na habari ya mfongo ikaishia hapo.

Kazi ilikwenda vizuri, lazima niwaambie. Wanaume walichanganya saruji, wanawake walibeba mawe, Walutheri na Wakatoliki wakataniana juu ya nani anabeba zito. Mafundi walipofika kwenye kona iliyo juu ya kihamba cha Bibi Yustina walimkuta Mzee Aminieli amekaa kwenye jiwe, ukingoni mwa mfongo. Alikaa pale mpaka chakula cha mchana. Fundi mkuu akamwomba ahame.

"Nahama," akasema, akajipangusa suruali. "Nimeshahama."

Mimi nilikuwepo. Nilimpiga picha akiondoka, kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri.

Kiangazi kikafika. Vihamba vya chini vilipata maji ambayo havikuwahi kuyaona. Watu walipanda kabeji, nyanya, wengine walinunua ng'ombe wa pili. Wageni wa mfuko walikuja, wakapiga picha mfongo unapita umenyooka, mweupe, hauvuji tone. Ninyi mkiniuliza kama mradi ulifaulu nitawaambia ndiyo, na msidhani nasema kwa kejeli. Nendeni mkazione kabeji.

Nilipanda kwa Bibi Yustina kwa bahati mbaya tu, nikitafuta njia ya mkato. Nyumba ilikuwa ile ile. Migomba ndiyo iliyonisimamisha. Majani yalikuwa yamening'inia kama nguo zilizoanikwa bila kukamuliwa, na mikungu midogo imeanguka kabla ya kukomaa. Pembeni ya banda palikuwa na shimo la tope lililokauka likapasuka, na kuzunguka shimo hilo mabua ya magimbi yaliyokufa. Magimbi hayaoti pakavu. Hata mimi najua hilo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mama. Karibu. Leo utakunywa chai ya rangi, ng'ombe ameondoka."

"Ameondoka kwenda wapi?"

"Kwa mwenye maji."

Akanielekeza kigoda. Nilitazama lile shimo, nikatazama juu, kwenye kona ambayo Mzee Aminieli alikaa. Kutoka pale mpaka shimoni ni umbali ambao mtoto anaweza kurusha jiwe. Miaka yote mfongo ulikuwa unavuja pale konani kati ya mizizi na mawe, maji yanapita chini kwa chini, yanatokea kwa Bibi Yustina. Lile shimo lililokuwa kisima chake, magimbi yake, ng'ombe wake, migomba yake, vyote vilikuwa ni yale maji tuliyoyapima tukayaita yanapotea.

"Bibi, kwa nini hukusema?"

"Nilikuuliza."

Kisha akaongeza, bila hasira, "Nikakuuliza, ukaniambia ardhini. Nikaona huyu mtoto naye amekwishaamua."

"Ungesema wazi kwamba yanatokea kwako."

"Nisimame mbele ya wanaume niseme nakunywa maji ambayo sina zamu? Jioni ile ile wangekuja na udongo wakayaziba. Yalikuwa yanakuja kwa kuwa hakuna anayeyataja. Hata meku, vijana wakisafisha mfongo, pale konani alikuwa anawaambia, hapa msiguse. Basi. Hakuna aliyeuliza kwa nini."

"Lakini ungekataa tu, bibi. Hakuna aliyekulazimisha kusaini."

Aliniangalia kama unavyomwangalia mtu aliyekuuliza jina la mama yako mzazi akiwa amekaa naye meza moja. "Kunywa chai, mama," akasema. "Inapoa."

Alichotaka kilikuwa kimoja tu, na alinitajia siku hiyo. Alitaka kufia pale, kwenye kihamba alicholetwa akiwa mwali, asipelekwe mjini kwa binti yake kukaa kwenye chumba kimoja na watu wanne. Kihamba kisicho na maji hakimweki mtu. Nilimwahidi nitalishughulikia. Msiahidi, wadogo zangu. Kama mtashika moja tu katika haya, shikeni hilo.

Nilikwenda kwa Sista Klementina. Nilitaka tutoboe tundu dogo pale konani, tuweke kipande cha bomba, basi.

"Nitawaandikia nini?" aliniuliza. Hakuwa mkali, alikuwa amechoka. "Kwamba tumeziba kwa fedha zao, na sasa tunatoboa?"

"Waandikie ukweli."

"Kwanza nenda kwa wenye mfongo. Wakikubali, nitaandika."

Nikaenda. Kamati ikakaa. Nikaeleza yote. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa.

"Dada, wewe mwenyewe ulituambia tuongoze. Sasa tunaongoza. Maji yana zamu. Bibi hana zamu. Shemeji yake anayo, amwombe."

Shemeji mwenyewe alikuwepo. "Zamu yangu inatosha kabeji zangu," akasema. "Tukianza kutoboa kwa kila mjane, tutabaki na chujio."

Watu wakacheka. Si kicheko kibaya. Kile kile cha siku ya mkutano.

"Toboa," akasema Mzee Aminieli kutoka mlangoni.

"Meku, wewe si mwanakikundi."

Na ni kweli, hakuwa. Mimi ndiye niliyeandika hivyo.

Nilikaa pale nikaliona lile sharti nililolipenda likinigeukia. Nikilazimisha tundu, nimewapokonya uongozi. Nisipolazimisha, bibi anahama. Kabla hatujaja hakuna aliyempa maji na hakuna aliyemnyima, yalivuja tu. Sisi tulileta mpangilio, na ukishakuwa na mpangilio kila tone lina mwenyewe. Nilitafuta kwenye mafunzo yangu yote, nikatafuta kwenye miongozo ya mfuko, ambayo ni mizuri, imeandikwa na watu wenye nia njema. Hakuna palipoandikwa la kufanya endapo jamii yenyewe, kwa uhuru wake wote, imeamua mmoja wao akauke.

Mzee Aminieli ndiye aliyenipa ushauri wa mwisho. "Mpelekee isale," akasema. Wa mlimani mnalijua, lile jani refu tunalopanda mipakani, ukimkosea mtu unalifunga fundo unampelekea kuomba msamaha. Nililichuma kwenye mpaka wake huyo huyo mzee. Nikalifunga vibaya. Bibi Yustina alicheka mpaka akashika ubavu.

"Ni nani amekufundisha kufunga hivi? Umefunga kama kamba za viatu!" Akalifungua, akalifunga upya vizuri, akanirudishia mkononi, kisha akalipokea kwa mikono miwili kana kwamba ndiyo kwanza nafika. "Aika, mae." Asante, mama.

"Umenisamehe, bibi?"

"Isale halikataliwi," akasema.

Nikashuka mlima na jibu hilo. Mpaka leo sijui kama nilisamehewa au ni kwamba nilimletea kitu kingine asichoweza kukikataa. Mwezi uliofuata niliandika barua ya kuacha kazi. Sista Klementina aliisoma, akaikunja, akasema, "Na wewe?" tu.

Niliona siku ambayo Bibi Yustina aliletwa Soweto. Binti yake, Priska, ana genge la mboga mtaa wa pili kutoka dukani kwangu. Anauza na kabeji, na kabeji zenyewe zinashuka na gari la asubuhi kutoka kule kule juu, kwenye mfongo ule. Bibi alikuwa anakaa nyuma yake kwenye kigoda kile kile, anazichambua, anatoa majani ya nje. Sikujua nimsalimie vipi. Yeye ndiye aliyekuja.

"Unauza nini humu?"

"Pumba, mashudu, chumvi ya mawe, bibi."

Alitia mkono kwenye gunia la pumba mpaka kiwiko, akautoa, akanusa. "Hii nzuri. Ng'ombe wangu angeipenda." Akapangusa mkono kwenye khanga. "Nipimie."

"Ya nini, bibi? Huna ng'ombe."

"Nani kakuambia naitaka? Nipimie tu nione kama hupunji."

Nikampimia. Akatazama mshale wa mizani, akasema sawa, nikairudisha gunini. Alikuja hivyo karibu kila siku kwa zaidi ya mwaka. Tulikuwa tunataniana. Mfongo hatukuutaja. Siku moja hakuja, na jioni Priska akapita kunishika mkono, nikajua.

Wachagga tunarudishwa juu kuzikwa, hata kama tuliishi mjini. Hapo ndipo kukatokea tatizo. Padre alitaka kujua marehemu ni wa jumuiya ipi. Soweto hakuwahi kujiandikisha. Alikuwa anasema atarudi kwake. Asipotambuliwa na jumuiya, ni kaburi lisilo na padre wala waimbaji, na watu wa kijiji wanaangalia. Baba Honorati akaingia ndani, akatoka na lile daftari kwenye nailoni yake.

"Ni wetu," akamwambia padre. "Yumo." Padre akainamisha kichwa, na mazishi yakaendelea kwa misa na nyimbo zote, kaburi likiwa hatua chache kutoka kwenye lile shimo kavu. Alirudi kwenye kihamba chake. Naona mtu mwingine angemalizia hapa akaita ni faraja.

Watu walipokuwa wanakula nilimwomba Baba Honorati anionyeshe. Alilowesha kidole, akafungua. Kurasa za mahudhurio ya sala, miaka na miaka, na katikati yake mwandiko wangu: WANAOKUBALI MRADI WA MFONGO.

"Na ukurasa huu mnauhesabu?"

"Umo ndani ya daftari. Asiyekuwemo siku hiyo ni kama alikosa jumuiya, na anayekosa, akifa hatuna la kumwonyesha padre."

"Baba, hukuniambia hili ndilo mnaloangalia mtu akifa."

"Nilikuambia ni la jumuiya. Huku ni kitu kimoja, dada. Nilidhani unajua. Si wewe ni mtoto wa mlimani?"

Mtaniuliza, basi tufanyeje tukifika kule? Nilisimama pale na sahani ya kiburu cha ndizi na maharage mkononi, nikashuka na kidole jina kwa jina. Alikuwemo yule mwenye malaria, mwandiko umeyumba. Alikuwemo msichana aliyetoka kujifungua. Alikuwemo mwenyekiti, na shemeji, na YUSTINA kwa herufi zake kubwa. Katika watu wote waliokaa kwenye mkutano ule, aliyekosekana ukurasani ni mmoja tu, Mzee Aminieli, na yeye atazikwa na Walutheri.